Walter Bower, abate aliyeandika historia ya Waskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa msomaji aliyelikuta jina la Walter Bower mahali fulani, pengine kwenye habari za William Wallace na Robert Bruce, viongozi wa Waskoti katika vita dhidi ya Waingereza, au hata Robin Hood, mwizi wa msituni wa hadithi za Kiingereza, akabaki anajiuliza huyu ni nani na kwa nini kila mtaalamu wa Uskoti ya kale humtaja.

Walter Bower ni nani?

Ni mtawa wa Uskoti aliyezaliwa mnamo mwaka 1385 katika mji wa Haddington, mashariki ya Edinburgh. Alijiunga na makanoni wa Mtakatifu Augustino, makasisi wanaoishi pamoja kwa kanuni ya kitawa, huko St Andrews, na mwaka 1418 akawekwa kuwa abate wa Inchcolm, yaani mkuu wa abasia (monasteri) ya huko. Cheo hicho alikishika miaka 31, hadi alipofariki mkesha wa Noeli wa mwaka 1449. Katika muongo wake wa mwisho aliandika kwa Kilatini kitabu kiitwacho *Scotichronicon*, historia kubwa kabisa ya Waskoti tuliyoachiwa na Zama za Kati.

Hakuwa mtu wa kujifungia chumbani na vitabu. Alikaa bungeni, alikusanya kodi, alimjua mfalme wake kwa karibu, na alihangaika na masuala ya kulisha watawa kwenye kisiwa ambacho adui alikifikia kwa urahisi. Ukimsoma bila kuyakumbuka hayo, nusu ya anachokisema itakupita.

Inchcolm ni wapi?

Ni kisiwa kidogo katika ghuba ya Forth, karibu na pwani ya Fife. Jina lake linatokana na Mtakatifu Columba, mtawa wa Ireland aliyehubiri Ukristo Uskoti. Hadithi ya mwanzo wa monasteri tunaijua kwa mkono wa Bower mwenyewe. Anasema mnamo mwaka 1123 Mfalme Alexander wa Kwanza alikuwa akivuka ghuba, upepo mkali wa kusini-magharibi ukamsukuma hadi kisiwani. Huko alimkuta mtawa aliyeishi peke yake akimtumikia Columba, anayeishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja na kwa kombe na visamaki alivyookota ufukweni. Mfalme na watu wake walikula chakula hicho hicho siku tatu, bahari ikiwa imechafuka, naye akaweka nadhiri ya kujenga nyumba ya watawa mahali pale.

Maisha ya kisiwani yalikuwaje wakati wake?

Ya wasiwasi. Meli za Kiingereza zilikuwa zimeshaipora abasia zaidi ya mara moja katika karne ya 14, na hata chini ya Bower watawa walihamia bara majira ya joto na ya vuli kwa kuogopa uvamizi. Mwaka 1421 walikuwa bara kwa sababu hiyo hiyo. Mashua ikatumwa kuchukua mahitaji, bia ikiwamo, mabaharia wakaionja bia hiyo kupita kiasi, wakatweka tanga bahari ikiwa mbaya, na chombo kikapinduka. Mtunza ghala wa abasia alikuwa miongoni mwa waliozama. Bower anamshukuru Columba kwa aliyeokoka, lakini pia hafichi kwamba ni ulevi ulioiponza mashua. Hivyo ndivyo alivyo: muujiza anauandika, na uzembe anauandika.

Kwa nini aliandika historia?

Kwa sababu aliombwa. Sir David Stewart wa Rosyth, ambaye ngome yake ilikuwa pwani ile ile ya Fife, alimtaka anakili historia ya John Fordun na kuiendeleza hadi siku zao. Bower alianza mwanzoni mwa miaka ya 1440, na mwaka 1447 kazi ikawa imekamilika.

Hiyo ndiyo sababu anayoitaja. Sababu nyingine unaiona kati ya mistari. Mfalme James wa Kwanza aliuawa Perth usiku wa Februari 1437, akamwacha mrithi wa miaka sita. Koo kubwa zikaanza kugombania mtoto na hazina. Abate aliyekuwa amezoea mfalme mwenye mkono mzito akajikuta katika nchi isiyo na wa kuamua. Naamini kitabu hiki kiliandikwa kwa uchungu huo, na ndiyo maana kila mara anaposimulia mfalme mtoto au mabwana wakorofi wa karne zilizopita, kalamu yake huwaka.

John Fordun ni nani, na deni la Bower kwake ni kubwa kiasi gani?

Fordun alikuwa kasisi, anayehusishwa na Aberdeen, aliyefariki mnamo mwaka 1384. Waandishi waliomfuata wanasema alizunguka Uingereza na Ireland akitafuta kumbukumbu za Waskoti, baada ya Edward wa Kwanza wa Uingereza kubeba na kuharibu nyaraka za nchi. Kati ya vitabu 16 (yaani sehemu kuu) vya *Scotichronicon*, vitano vya kwanza vimesimama juu ya kazi ya Fordun, Bower akipachika nyongeza zake. Kumi na kimoja vinavyofuata ni vya Bower zaidi, ingawa hata humo alitumia kumbukumbu za matukio ya mwaka hadi mwaka zilizopitia mikononi mwa Fordun. Wataalamu wa leo, Dauvit Broun akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba kumbukumbu hizo nazo zilikuwa za kale kuliko Fordun mwenyewe. Ni mikono juu ya mikono.

Ni kweli anadai Waskoti walitoka Misri?

Ndiyo, na swali hili linastahili nafasi.

Hadithi inaanza na Gathelos, mwana wa mfalme wa Ugiriki, aliyekwenda Misri zama za Musa na kumwoa Scota, binti Farao. Baada ya Farao na jeshi lake kuangamia baharini, wenzi hao wakaondoka na watu wao. Safari ikawapitisha Hispania, kizazi chao kikafika Ireland, na hatimaye Uskoti. Kutoka kwa Scota ndiko taifa lilikopata jina.

Hakuna mwanahistoria wa leo anayeichukua kama tukio. Lakini kumcheka Bower ni kutoelewa kilichokuwa mezani. Mwaka 1301 Edward wa Kwanza alimwandikia Papa Bonifasi VIII akidai kwamba Uskoti ni mali yake tangu kale. Hoja yake ilianza na Brutus wa Troya, mfalme wa ngano, aliyeigawa Britania kwa wanawe watatu. Mkubwa, Locrinus, alipata Uingereza, na Albanactus akapata sehemu ya kaskazini. Kwa hiyo, alidai Edward, mwenye Uingereza ni bwana wa mwenye Uskoti. Waskoti walimtuma mwanasheria Baldred Bisset kwenye mahakama ya Papa, naye akajibu kwamba Waskoti hawakutoka kwa Brutus kabisa. Wametoka kwa Scota wa Misri, wakaitwaa nchi kwa nguvu zao, basi hawana ndugu mkubwa wa kumpigia magoti.

Kwa hiyo Scota alikuwa hoja ya kisheria. Mfalme aliyekwishakuivamia nchi mwaka 1296 na kulibeba jiwe la kutawazia la Scone alikuwa akitumia ngano za kale kama hati ya kiwanja, na Waskoti wakaleta hati yao. Bower, akiandika karne na nusu baadaye, alijua vizuri kwamba kesi haijafungwa.

Wengine husema Bower alikuwa mnakili tu. Je, hoja hiyo ina uzito?

Ina ukweli lakini inaelekezwa vibaya. W. F. Skene, aliyetoa maandishi ya Fordun katika miaka ya 1870, aliona nyongeza za Bower kama takataka zilizomchafua Fordun, na mtazamo huo uliishi muda mrefu. Ni kweli kwamba Bower hana haraka. Katikati ya vita atasimama akupe mahubiri juu ya dhuluma, mashairi ya Kilatini, na methali za wazee wa Kanisa, kisha arudi vitani bila kuomba radhi.

Ila tazama alichonakili. Majibizano ya Baldred Bisset mbele ya Papa tunayajua kwa sababu Bower aliyaweka kitabuni. Barua ya mabwana wa Uskoti kwa Papa ya mwaka 1320, ile ya kutetea uhuru wa nchi inayojulikana kama Tamko la Arbroath, nayo imo. Imo pia tenzi ya Robert Baston, mtawa Mkarmeli ambaye Edward wa Pili alimchukua kwenda kwenye vita vya Bannockburn mwaka 1314 ili aimbe ushindi wa Waingereza. Waingereza wakashindwa, Baston akatekwa, na akalipa uhuru wake kwa kutunga shairi la ushindi wa Waskoti. Ni shairi la huzuni kuliko la shangwe. Mtu ambaye angetaka sifa tupu za taifa lake angeliacha. Bower alilinakili lote.

Na Wallace? Bower ndiye anayetupa beti mbili za Kilatini ambazo Wallace alifundishwa utotoni na amu yake kasisi: *Dico tibi verum, libertas optima rerum, nunquam servili sub nexu vivito, fili.* Yaani: nakuambia kweli, uhuru ni bora kuliko vyote, mwanangu, usiishi kamwe katika kifungo cha utumwa. Kama Wallace aliyasikia maneno hayo kweli, hakuna wa kuthibitisha. Kwamba Waskoti wa karne ya 15 waliamini aliyasikia, ushahidi ni huu.

Ndiyo maana nasema tabia iliyomponza Bower machoni mwa wahariri wa karne ya 19, yaani kutotupa kitu, ndiyo iliyoiokoa sehemu kubwa ya kumbukumbu za nchi ambayo nyaraka zake zilibebwa na kuchomwa.

Robin Hood anaingiaje humu?

Bower anamtaja chini ya mwaka 1266, wakati mabwana wa Uingereza waliomwasi Henry wa Tatu walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Kati ya watu hao, anasema, aliinuka muuaji mashuhuri Robert Hood pamoja na Little John, ambao umma wa wapumbavu hupenda kuwasifu katika michezo na nyimbo. Maneno makali. Kisha, papo hapo, anasimulia kwa heshima jinsi Robin alivyokuwa akisikiliza misa msituni Barnsdale, akaambiwa adui zake wamefika, akakataa kukimbia kabla misa haijaisha, na bado akashinda. Abate anamlaani mwizi na kumsifu muumini katika ukurasa mmoja. Kwa watafiti wa Robin Hood hii ni mojawapo ya rejea za mapema kabisa.

Je, alikuwa na upendeleo?

Alikuwa nao, na hakuuficha. Kitabu chake kinafungwa kwa mstari huu: *Non Scotus est, Christe, cui liber non placet iste.* Ee Kristo, si Mskoti yule ambaye kitabu hiki hakimpendezi.

Upendeleo wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haukuwa dhidi ya Waingereza. Ulikuwa kwa James wa Kwanza. James alikamatwa baharini na Waingereza mwaka 1406 akiwa na miaka 11, akakaa mateka miaka 18. Aliachiliwa mwaka 1424 kwa fidia ya pauni 40,000, ambayo mkataba uliipa jina la heshima: gharama za matunzo yake. Bower alikuwa miongoni mwa waliosimamia kodi ya kulipia fedha hizo, peni 12 kwa kila pauni ya mali. Anaandika kwamba mwaka wa kwanza zilipatikana takribani maki 14,000 (maki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni), mwaka wa pili zikapungua kwa sababu watu walinung'unika. Hapa unamsikia mtu aliyebisha hodi kwenye milango hiyo.

Katika kitabu cha 16 anamchora James kwa undani usio wa kawaida kwa waandishi wa wakati ule: mrushaji hodari wa nyundo na jiwe, mpiga upinde, mpiga ngoma, kinubi, filimbi na kinanda. Kisha analeta kisa cha bwana mmoja mkubwa, jamaa wa mfalme, aliyempiga kijana kofi ndani ya ukumbi wa mfalme. James alimwamuru auweke mkono wake mezani, akampa aliyepigwa kisu na kumwamuru auchome mkono ule. Malkia, wanawake wa nyumba ya kifalme na maaskofu wakajitupa sakafuni kumwombea, na ilichukua karibu saa nzima kabla mfalme hajalegea. Hata hivyo alimfukuza bwana yule mbele yake. Bower anakisimulia kisa hiki kwa kuvutiwa. Msomaji wa leo ana haki ya kutetemeka, na pia ana haki ya kujiuliza ni kwa nini baadhi ya mabwana walimwua mfalme kama huyo. Swali hilo la pili Bower halipi nafasi ya kutosha.

Alishiriki siasa, au aliandika tu kuhusu wanasiasa?

Alishiriki. Mwaka 1433, Waingereza walipoleta pendekezo la amani lililoahidi kuwarudishia Waskoti Berwick na Roxburgh, ngome za mpakani zilizokuwa mikononi mwa Waingereza, ilijadiliwa Perth kama nchi inaweza kukubali. Bower na abate wa Scone walisimama kupinga, wakisema mfalme amefungwa na ahadi yake kwa Ufaransa na hawezi kufanya amani bila ridhaa ya Wafaransa. Pendekezo halikufika popote.

Habari za wakati wake ni za kuaminika kuliko za kale?

Kwa ujumla ndiyo. Anaposimulia jinsi hati za Papa za kuanzisha chuo kikuu cha St Andrews zilivyowasili Februari 1414, kengele za mji zikilia, *Te Deum*, wimbo wa shukrani wa Kanisa, ikiimbwa, mvinyo ukinywewa na mioto ikiwashwa barabarani, ni mtu wa St Andrews anayeongea. Hata kwa matukio ya kabla yake kidogo, alikuwa na wazee wa kuwauliza na kumbukumbu za nyumba yake. Ndivyo tunavyojua kwamba tauni kuu ya katikati ya karne ya 14 iliwaua makanoni 24 wa St Andrews.

Idadi za majeshi ni jambo jingine. Usizijengee hoja.

Ana habari gani za Waskoti wa Nyanda za Juu?

Anawatazama watu hawa wa milima ya kaskazini, wasemao Kigaeli, kwa macho ya mtu wa tambarare: wakali, wa mbali, wa kutazamwa. Kisa chake maarufu ni cha mwaka 1396, pale koo mbili zilipopewa ruhusa kumaliza ugomvi uwanjani Perth, watu 30 kwa 30, mbele ya Mfalme Robert wa Tatu. Mmoja alitoroka kwa kuogelea mto Tay. Akatafutwa wa kujaza nafasi, na mtu mmoja mfupi akajitolea kwa nusu maki, kwa sharti kwamba akinusurika atunzwe maisha yake yote. Bower anaufuata mkataba huo kwa makini kuliko chanzo cha ugomvi wenyewe.

Mswada wenyewe uko wapi?

Nakala iliyotengenezwa katika miaka ya 1440, inayoaminika kusimamiwa na Bower mwenyewe, iko Cambridge, katika maktaba ya Corpus Christi College, nambari 171. Ilifika huko kupitia Matthew Parker, askofu mkuu wa Canterbury katika karne ya 16, aliyekiachia chuo hicho hazina yake ya miswada. Ndiyo, kitabu cha Mzalendo huyu wa Uskoti kinatunzwa Uingereza. Kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti na zinatazamwa bure.

Tafuta picha. Kuna Gathelos na Scota ndani ya merikebu. Kuna vita vya Bannockburn, moja ya michoro ya mapema kabisa ya tukio hilo. Na kuna kutawazwa kwa Alexander wa Tatu huko Scone mwaka 1249: mfalme ni mtoto wa miaka saba, amekalishwa, na mbele yake mshairi wa Nyanda za Juu amepiga goti akianza kutaja nasaba yake kwa Kigaeli, baba baada ya baba. Mchoro huo unanigusa kuliko yote. Abate aliyewatazama watu wa Nyanda za Juu kwa mashaka aliona lazima sauti yao iwemo pale mfalme anapofanywa mfalme.

Aliandika kitabu kingine?

Aliandika muhtasari wa hiki, unaojulikana kwa jina la abasia ya Coupar Angus. Aliupanga upya katika vitabu 40, akapunguza mahubiri. Inaelekea hata wasomaji wake wa kwanza walilalamika juu ya urefu.

Sijui Kilatini. Nisome toleo gani, na nianzie wapi?

Kuna toleo la juzuu tisa lililosimamiwa na D. E. R. Watt wa St Andrews, lililotoka kati ya 1987 na 1998, Kilatini upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Toleo la Walter Goodall la mwaka 1759 ni la Kilatini kitupu, halitakufaa.

Usianze kitabu cha kwanza. Wengi wameanzia Misri wakaishia Hispania. Anza na kitabu cha 16, utawala wa James wa Kwanza, ambako Bower anaandika alichokiona. Rudi kwenye cha 11 na 12 kwa Wallace, Bisset na Bruce, kisha cha 10 kwa kifo cha Alexander wa Tatu, aliyeanguka na farasi wake usiku wa dhoruba karibu na Kinghorn mwaka 1286. Ukifika hapo utakuwa umeshazoea mahubiri yake, na vitabu vitano vya mwanzo havitakutisha.